Sista Gaudensia wa Kwanza

Bombambili, Songea
9 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Na sikumaliza kukusimulia habari ya mapazia, maana mtandao ulikatika nikiwa katikati ya sentensi. Basi naendelea hapa hapa. Valence aliyatundika mwenyewe! Alipanda juu ya stuli, misumari mdomoni, mimi nimeishika ile stuli kwa mikono miwili, akaniuliza, "Ukiniachia nikaanguka, utaolewa na nani?" Nikamwambia sitaolewa tena, nitakwenda utawani. Alicheka mpaka msumari ukamtoka. Shangazi, nina furaha mpaka naogopa. Asubuhi nikimwona anafunga vifungo vya shati najiuliza hivi kweli huyu mtu ni wa kwangu?

Shikamoo. Sijasahau adabu, ni furaha tu imetangulia. Tumsifu Yesu Kristo. Jirani yako Mwanne hajambo? Na mumewe Abuu na mikorosho yake? Sisi hapa ni wazima, ila baridi ya mwezi wa sita unaijua mwenyewe, tunaoga kwa zamu na kulaumiana nani amemaliza maji ya moto. Mama mkwe ametuletea mahindi kutoka Maposeni, gunia zima, akanikagua jikoni hadi chini ya sinia. Akasema, "Aliyekulea alikufundisha kazi." Nikavimba kichwa kwa niaba yako.

Sasa nisikilize. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Ludgeri kinatimiza miaka thelathini tangu darasa la kwanza. Jubilei ni mwezi wa kumi, na wamempa Valence wangu kazi ya kuandika kitabu cha historia! Kila jioni anarudi na karatasi za zamani zenye harufu ya panya. Juzi akaniambia, "Kila nikifungua faili nakuta Sista Gaudensia. Sista Gaudensia kaanzisha darasa, Sista Gaudensia kapika uji, Sista Gaudensia kagombana na halmashauri. Huyu mwanamke alikuwa nani?"

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Huyo ni Shangazi yangu Lidwina."

Najua hupendi nizungumzie kwamba ulikuwa sista kabla hujanichukua kunilea. Lakini huyu ni mume wangu, na alinitazama kama mtu aliyeokota dhahabu sokoni. Anakuomba sana, na mimi nakuomba mara mbili: tuandikie jinsi chuo kilivyoanza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba simu ni ya kujuliana hali na jambo la maana huandikwa. Hili ni la maana.

Halafu mbona uliondoka harusini kabla ya keki? Nilikutafuta ukumbi mzima.

Wako mwenye furaha kupita kiasi,
Noela (Mke wa Valence!)


Tunduru
2 Julai 2024

Noela mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Kondakta wa basi aliikalia siku nne, anadai ilikuwa chini ya kiti.

Mwanne hajambo, anakusalimu. Abuu anapulizia salfa mikorosho, akirudi jioni amekuwa wa njano kama amepakwa manjano. Mimi nashona sare za shule, zipo nyingi, cherehani haijanisumbua.

Nimefurahi kwa mapazia. Mwambie mumeo misumari haishikwi mdomoni.

Habari za chuo sina. Waulizeni waliopo. Padre Rupert aliyekianzisha ni marehemu, lakini ofisi ina makabati na makabati yana funguo.

Harusini mgongo uliniuma. Na ule ukumbi wa chuo una viti vibaya.

Kula vizuri.

Shangazi yako,
Lidwina


Bombambili
14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo! Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta kama kuna ukurasa wa pili umeanguka. Valence akasema, "Shangazi yako anaandika kama telegramu." Nikamjibu huyo ni mtu aliyeandika barua miaka kumi na tisa zikisomwa kwanza na Mama Mkuu. Ulinieleza wewe mwenyewe, siku ile uliponifundisha kuandika barua ya Krismasi.

Kwetu ni heri tupu. Jumapili tulitembea kwa miguu hadi Mshangano, chuoni. Valence alinishika mkono mbele za watu, wanafunzi wanapita na baiskeli wanatupigia kengele, mimi naona aibu, yeye ndiyo kwanza anaubana. Tukasimama getini. Akanisomea maneno ya pale juu kama vile mimi sijui kusoma: Ukweli, Sala na Kazi. Akasema, "Nataka nyumba yetu iwe hivi." Shangazi, hebu niambie, ni mwanamume gani anasema maneno kama hayo getini?

Kwa hiyo usitunyime. Mkataba wake unaisha Desemba. Mkuu wa chuo amemwambia kitabu kikipendeza atabaki, kisipopendeza wataona. Waliopo hawajui kitu. Mmoja alimwambia chuo kilianza na kompyuta sita kutoka Ulaya!

Na kuna jambo la ajabu. Yupo Sista Gaudensia mwingine sasa. Kijana, anafundisha takwimu, anacheka vizuri. Nilipomsikia akiitwa nikageuka kama anayeitwa ni mimi. Kumbe masista huweza kuwa na jina moja?

Nakuomba kwa magoti, ingawa huyaoni.

Noela


Tunduru
25 Agosti 2024

Noela mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa makusudi, sina homa wala nini. Mwanne anasema nimekuwa nikigombana na karatasi. Mikorosho imechanua na Abuu anatembea akiitazama kama mtoto wa kwanza.

Naandika mara moja na sitarudia.

Mwaka 1994 hapakuwa na chuo. Palikuwa na karakana ya useremala ya misheni, na Padre Rupert, mzee mmisionari aliyekuwa anavaa viatu vya matairi ya gari kama watu wote. Walimu wa shule za msingi walimjia wakitaka kusoma zaidi. Walikuwa wamechoka kufundisha darasa la saba huku wao wenyewe wamesoma zaidi kidogo tu kuliko watoto. Padre akaniuliza kama naweza kuwafundisha hesabu na Kiswahili saa za jioni. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nikasema naweza, kisha nikaenda kuomba ruhusa.

Walikuja kumi na mmoja, wanawake wawili. Madawati hayakuwepo. Siku zile karakana ilikuwa inatengeneza majeneza mengi, basi tulilaza vifuniko juu ya meza za kurandia na watu wakaandikia hapo. Fundi Thadei alikuwa anatuomba tusikandamize kalamu. "Mwenyewe atakuja kukuta hesabu za sehemu," anasema, "hajui hata amekufa na deni gani." Tulicheka. Thadei naye aliishia kukaa darasani, akawa wa kumi na mbili.

Wengine walitoka Maposeni kwa baiskeli bila kula. Nikawa napika uji kabla ya kipindi. Masika yale kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, nikaingia kufundisha machozi yananitoka, na mwalimu mmoja akasimama akaniambia, "Sista, kama hesabu zetu zinakusikitisha kiasi hiki, tutajitahidi."

Jumamosi wote tulilima. Wanafunzi, walimu, Padre mwenyewe. Siku moja alikuja mgeni wa heshima, viatu vinang'aa. Padre Rupert alimsalimia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampa jembe. Alikuwa anasema anayesoma asimtume mwenzake kumlimia. Wapishi walikula meza moja na sisi. Sijui kama bado wanakula.

Bakili naye alikuja, kaka yake Mwanne, kutoka huku Tunduru. Mwislamu wa kwanza. Halmashauri ya misheni ikataka ama ahudhurie misa ama aondoke. Niliwaambia Padre alipoanza alisema watu wenye njaa ya kusoma, hakusema wa dini gani. Tuligombana wiki nzima. Padre Rupert akamaliza: "Hiki ni chuo. Ubatizo upo kanisani, mlango wa pili." Bakili akabaki. Ramadhani ile nilimpikia futari kwenye sufuria ile ile ya uji. Miaka tisa baadaye, nilipokuwa sina pa kwenda, ni yeye aliyenitafutia chumba hapa. Mungu amrehemu.

Yale maneno ya getini, Padre alitaka yawe mawili, Sala na Kazi, kama ilivyo desturi ya wamonaki. Mimi nikamwambia atangulize Ukweli, maana mtu anayesali na kulima huku anadanganya anamchosha Mungu na anachosha jembe. Akacheka, akaandika kwa chaki ukutani.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Umeuliza kama masista wawili huweza kuwa na jina moja. Katika shirika letu, hapana, kama wote wawili wapo hai. Basi jina limepata mtu. Sawa.

Unaweza kumpa mumeo haya. Naomba jambo moja tu. Aandike jina langu, Lidwina Luambano, lile ambalo baba yangu alinipa. Gaudensia niliazimwa. Nikiandikwa, niandikwe mimi.

Lidwina


Bombambili
5 Septemba 2024

Shangazi yangu wa dhahabu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nilimsomea Valence barua yako kwa sauti, yeye amelala kichwa mapajani kwangu. Nilipofika kwenye kuni mbichi nikasikia paja limelowa. Mume wangu alikuwa analia! Akasema, "Hii ndiyo roho ya kitabu. Mengine yote niliyoandika ni mifupa." Nikambusu kipaji cha uso. Kisha tukaketi kwenye kompyuta, yeye ananishika bega, mimi nachapa neno kwa neno, na kila neno nasikia sauti yako. Sijawahi kuwa mke kama jioni ile.

Mama mkwe anakusalimu. Amepona mguu uliokuwa ukimuuma. Mimi nimeanza kupata kichefuchefu asubuhi, lakini usiseme kwa mtu, bado mapema.

Ile habari ya jina. Valence alipeleka kurasa kwa wakubwa na wamezipenda sana, sana. Ila masista wameomba libaki Sista Gaudensia, kwa sababu mambo yale yalifanywa chini ya shirika na sista hufanya kazi kwa jina la shirika. Valence alijaribu, nakuapia. Alirudi amechoka. Akasema, "Mke wangu, nimeandika ukweli wote, limebaki jina moja tu."

Nami nimefikiri, Shangazi, si ni jina lako lile lile? Uliitwa hivyo miaka yote. Anayekujua atajua ni wewe. Kila kitu kipo, majeneza, uji, Bakili, hata futari wameiacha humo. Mimi mwenyewe ndiye niliyechapa Gaudensia pale ulipoandika Lidwina, na nilichapa kwa upendo wote. Usikasirike. Kitabu kinakwenda kupigwa chapa wiki hii.

Binti yako,
Noela


Tunduru
13 Septemba 2024

Noela,

Hongera kwa hali yako. Usibebe ndoo.

Niliomba jambo moja.

Nirudishie barua yangu.

Lidwina


Bombambili
29 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kichefuchefu kimenilaza, nakula ubuyu na udongo wa pemba tu. Valence ananipepea kwa gazeti na kuniimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbovu.

Tumeshonewa sare ya kitenge cha jubilei, kina nembo ya chuo na yale maneno matatu. Changu wameacha nafasi tumboni! Nimemwomba fundi aache na kipande chako. Utakuja? Kadi ya mwaliko nimeiweka humu ndani.

Barua yako iko salama, iko ofisini kwa Valence. Nitaichukua mambo yakipungua.

Korosho zimeanza kuanguka? Mwambie Mwanne namkumbuka.

Nijibu, tafadhali. Hata kama telegramu.

Noela


Bombambili
21 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hukuja, na hukujibu. Sijui nianzie wapi salamu. Tupo.

Jubilei ilikuwa juzi Jumamosi. Misa saa tatu, halafu ukumbini, ukumbi ule ule wa harusi yangu. Kitabu kilikuwa kimefungwa utepe. Mimi nimekaa safu ya nne na kitenge changu, kifua kimejaa, nasubiri wamtaje Valence.

Kisha wakasema sasa tutasikia kumbukumbu za mwanzo za chuo, na akasimama Sista Gaudensia. Yule kijana wa takwimu. Akafungua kitabu, akasoma.

Alisoma vifuniko vya majeneza, watu wakacheka. Alisoma kuni mbichi na mwalimu aliyesema tutajitahidi, wakacheka zaidi, halafu wakanyamaza. Alisoma yale ya kuchosha jembe, ukumbi mzima ukapiga makofi, na wageni wakageuka kumtazama yeye kama mtakatifu. Nikafungua kitabu changu. Kwenye ukurasa wako kuna picha yake. Chini yake pameandikwa: Sista Gaudensia, mwanzilishi wa darasa la kwanza. Shangazi, sikujua habari ya picha. Nakuapia hilo moja. Mengine niliyajua.

Pembeni yangu alikaa mzee wa suti iliyopauka. Akasema, wala hakusema polepole, "Huyu binti mwaka ule alikuwa anakimbia na kamasi. Kuni zile alipuliza Lidwina."

Mama wa safu ya mbele akamgeukia: "Mzee Thadei, shii! Leo usituharibie sherehe."

"Nawaharibia nini? Nilikuwepo! Nilimwazima kifuniko!"

Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema mzee ameonja pombe ya ulanzi kabla ya baraka. Naye akaona hakuna anayemsikiliza, akanigeukia mimi. Akanitazama sana. Akasema, "Una pua ya akina Luambano. Wewe ni wa nani?"

Nikamjibu, "Mimi ni mke wa Valence."

Akasema, "Aa," akatazama mbele.

Nilisema hivyo, Shangazi. Na watu waliposimama kupiga makofi mara ya pili, nami nilisimama, nikapiga. Valence alikuwa ananitazama kutoka jukwaani, anatabasamu, na mikono yangu ikapiga makofi.

Leo asubuhi wamempa mkataba mpya wa miaka mitatu. Amenunua kuku. Nimelia mchana kutwa, yeye anadhani ni mimba.

Noela


Tunduru
4 Novemba 2024

Noela,

Barua imefika. Unasema umelia. Karatasi ilikuwa kavu.

Hapa korosho zinaokotwa, kila mtu yuko shambani. Nimemaliza sare.

Nimefurahi kusikia Thadei yupo hai. Ningesema umsalimie, lakini itabidi kwanza umwambie wewe ni nani.

Usidhani nimekasirika kwa sababu ya sifa. Padre Rupert alikataa hata kupigwa picha, na mimi nililelewa humo. Mtu akilima Jumamosi haandiki jina lake kwenye tuta. Kama mngeacha ukurasa mtupu nisingesema neno. Lakini mlinichukua mkono, macho, hata moshi ulioniingia machoni, mkampa mtu asiyejua ulikuwa unawasha namna gani. Na hayo hayakufanywa na chuo. Uliyafanya wewe, kwa vidole nilivyovishika vikijifunza a, e, i, kwenye meza hii ninayoandikia.

Usiniulize kwa nini nilitoka utawani. Umeuliza hilo tangu una miaka kumi, kwa mdomo na kwa macho. Nilitoka. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nikatoka na gauni moja na cherehani ya mkono. Waliosema nilifuata mwanamume waliona raha kusema hivyo, niliwaachia.

Kadi ya mwaliko nimefunikia mtungi.

Barua yangu sijaiona. Nayo usiilete wewe. Mpe kondakta. Una mimba, barabara ni ndefu, na mimi sina la kukuambia ambalo sijaandika.

Lidwina


Bombambili
12 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Ninakuamkia hata hivyo.

Nilipopata barua yako nilivaa viatu nikaenda chuoni bila kumwambia Valence. Alikuwa kwenye kikao. Nikafungua kabati. Makabati yana funguo, ulisema, na ufunguo ulikuwa juu ya meza yake. Barua yako nimeikuta kwenye faili lililoandikwa Sista Gaudensia, imepigwa muhuri wa maktaba ya chuo, imepewa namba. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine kwa mwandiko wako. Ya tarehe 3 Februari 2003. Umemwandikia Mama Mkuu. Nimenakili mstari mmoja tu, nisingeweza zaidi: "Naomba miaka miwili tu nje ya nyumba ya shirika, nimlee mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka minne na hana mtu." Na chini, kwa wino mwekundu, mtu ameandika: Haiwezekani. Achague.

Nilikaa chini sakafuni na kile kitenge changu cha Ukweli.

Valence akanikuta pale. Nikamwonyesha. Nikamwuliza, "Hii umeisoma?"

Akafunga mlango. Kisha akasema, "Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Kabla sijamwandikia barua ya kwanza?"

"Kesho yake, baada ya wewe kusema ni Shangazi yako. Nilikwenda kutafuta."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia usingemwomba aandike."

Alisema kweli, Shangazi. Ndiyo mara ya kwanza katika habari yote ya kitabu. Hakupaza sauti. Akanisaidia kunyanyuka, akanifuta vumbi, akanipakia bodaboda na kumwonya dereva aende polepole. Huyo ndiye mume wangu. Nampenda bado, na sijui nilipeleke wapi hilo pendo. Naomba usinifariji.

Lakini sikwenda nyumbani. Nilimwambia dereva ageuze, nikaenda kwa masista, nikamwomba Sista Gaudensia. Alikuja anapangusa chaki mikononi. Nikamwambia moja kwa moja: "Maneno uliyosoma jubilei ni ya Shangazi yangu."

Akasema, "Najua ni ya Sista Gaudensia wa kwanza, marehemu. Ofisi iliniambia nimsomee kwa heshima yake. Ile picha yangu niliwaambia ni kosa, wakasema watarekebisha chapa ya pili."

"Marehemu?"

Akaniambia alipopewa jina, miaka kumi na minne iliyopita, aliuliza aliyelibeba kabla yake alikuwa nani. Wakamwambia alishakufa. Kwa sababu, alisema, aliye hai jina lake halitolewi. Tangu hapo kila Novemba anaandika jina lako kwenye orodha ya marehemu pale altareni, na kila jioni ya mwezi huu anakusalia rozari nzima. Mwaka huu pia. Alikuwa amefika siku ya kumi.

Nikamwambia, "Sista, anashona sare Tunduru. Mwezi wa saba alimwambia mume wangu asishike misumari mdomoni."

Alicheka, Shangazi. Alicheka akashika ukuta, halafu kile kicheko kikageuka. Akasema, "Miaka kumi na minne nimemsumbua Mungu kwa mtu anayekula ugali!" Tukakaa kwenye ngazi tunalia kama mafala, na mpishi akatuletea maji.

Ameomba ruhusa kuja kukuona. Sijui kama watampa. Mama Mkuu wa sasa amesema atafikiri, na unajua wewe kuliko mimi maana yake nini. Kwa Mzee Thadei nimekwenda mwenyewe, nikamwambia mimi ni Luambano, mtoto wa marehemu Sixbert, niliyelelewa na Lidwina. Akasema, "Niliiona pua," akanipa kiti.

Vitabu mia tano vimeshasambazwa. Sina la kufanya na vitabu. Nimemwambia Valence chapa ya pili ikitoka na jina lile lile, atakayesimama ukumbini siku hiyo ni mimi, na nitasema kwa mdomo wangu, mbele ya Mkuu wake na mkataba wake. Tumelala tumepeana migongo, na asubuhi alinichemshia maji ya kuoga kama kawaida.

Ulisema nisije. Ulisema nimpe kondakta barua yako. Sitampa, anakalia barua siku nne. Nimeitoa kwenye lile faili, na ile ya mwaka 2003 pia, zote mbili, na kama ni wizi watanikamata nikiwa njiani. Nakuja mwenyewe, pamoja na Sista akiruhusiwa, peke yangu na tumbo langu asiporuhusiwa. Siji na udhuru wowote wa kukuambia. Nakuja useme mbele ya uso wangu yale ambayo huyaandiki.

Utaniona kabla Novemba haijaisha. Ukinifungia mlango, nitakaa barazani kwa Mwanne mpaka ufungue.

Noela Luambano